Mimba Changa na Kazi ya Kulea: Kinga Inayochelewa

Mwalimu wa skuli ya maandalizi Unguja akikosa siku zake, anajikuta katikati ya maneno ya pande tatu. Mama mkwe atamwambia mimba si maradhi, kwani waliomtangulia walilima mpunga na kuchota maji mpaka siku ya uchungu. Mwalimu mwenzake atamwonya asinyanyue mtoto hata mmoja, mimba itatoka. Kliniki, siku atakayofika, ataambiwa anawe mikono, ale vizuri na ameze vidonge vya kuongeza damu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Swali la mwalimu lenyewe linabaki palepale: katika miezi hii mitatu ya mwanzo, kazi ya kushinda na watoto wa watu ina hatari gani hasa, na afanye nini asipoweza kuiacha?

Mkanganyiko huu una sababu. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu umetoka nchi za baridi, ambako maradhi ya watoto, chanjo na sheria za kazi ni tofauti na za hapa. Mwengine umetoka Tanzania Bara, ukachukuliwa kana kwamba sheria ya kazi ni moja pande zote mbili za Muungano. Na juu ya yote, mimba changa haitangazwi. Anayetaka kuuliza hajui amuulize nani bila ya kujifichua.

Kazi yenyewe inafanywa wapi

Kulea watoto kwa ujira kumeongezeka sana Unguja katika miaka 40 iliyopita. Programu ya Madrasa ya elimu ya awali, iliyoanzia Mombasa mwaka 1986, ilifika Zanzibar mwaka 1990 na kufungua skuli za maandalizi mitaani na vijijini, ikiwafunza ualimu wanawake wa hapohapo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ikaiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, vikawafikia watoto wasio na skuli karibu. Ukiongeza vyuo vya Qur'ani vinavyopokea watoto wadogo, unapata jeshi kubwa la wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa, wanaoshinda sakafuni na watoto wa miaka mitatu hadi sita.

Upande mwengine ni majumbani: mtumishi wa ndani, yaya, dada wa kazi, mara nyingi msichana aliyetoka shamba, Pemba au Bara. Wapo pia wauguzi wa wodi za watoto na walezi wa nyumba za watoto yatima, lakini hao angalau wana msimamizi na kabati la glavu. Mwalimu wa maandalizi na mtumishi wa ndani ndio wasio na ngao, na uchambuzi huu unawaangalia wao.

Hebu iangalie asubuhi moja ya darasa la maandalizi. Watoto thelathini na kitu wako juu ya mkeka. Mmoja analia baada ya kuachwa na mama yake, mwalimu anamnyanyua na kumpakata. Mwengine kamasi zinamshuka. Mwalimu anampangusa kwa upembe wa kanga, kanga ileile atakayojipangusia jasho baada ya muda. Wa tatu amejikojolea. Saa ya uji ikifika, watoto wananawa katika beseni moja kwa maji yaleyale, na wa kumi ananawa uchafu wa tisa waliotangulia. Mtoto anabakisha uji. Mwalimu hakula kitu nyumbani kwa ajili ya kichefuchefu, sasa njaa imemshika, anaumaliza kwa kijiko kilekile.

Hakuna uzembe hapo. Huo ni ulezi mwema kama tunavyoujua sote. Lakini kila tendo katika hayo lina uzito wake kwa mwanamke mwenye mimba ya wiki sita.

Hatari, moja baada ya moja

Rubela ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto anayeipata huumwa kidogo tu: homa ndogo, vipele, siku tatu imekwisha. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliona watoto wengi wamezaliwa na mtoto wa jicho, akagundua kuwa mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa mimba. Tangu hapo imethibitika kuwa maambukizi kabla ya wiki ya 12 yanaweza kuwadhuru hadi watoto 90 kati ya kila 100: moyo, macho, masikio, au mimba kuharibika.

Tanzania, pamoja na Zanzibar, ilianza chanjo ya surua-rubela mwaka 2014 kwa kampeni ya watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15, kisha ikaingia katika ratiba ya kawaida ya watoto. Hapa pana jambo ambalo walimu wachache wanaambiwa. Mwanamke aliyekuwa na miaka 15 au zaidi mwaka ule hakuguswa na kampeni, na leo yumo katika miaka ya kuzaa. Zamani wasichana wengi waliipata rubela utotoni, wakabaki na kinga. Chanjo inapopunguza kirusi mitaani, hatari ya kukutana nacho inashuka, ila yule ambaye hakuugua wala hakuchanjwa anabaki wazi, na hajijui. Chanjo yenyewe ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu, kwa hiyo haitolewi kwa mja mzito, na aliyechanjwa hushauriwa angoje mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Maana yake ni kwamba suala hili humalizwa kabla ya mimba, au halimalizwi.

Tetekuwanga inafuata, na hapa ushauri wa nchi za baridi unapotosha. Kule kwa kawaida watu huugua wakiwa wadogo au huchanjwa. Katika nchi za joto wengi huipata ukubwani, hivyo wanawake wasio na kinga ni wengi zaidi. Hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema kwa sababu yake ni ndogo, chini ya 2 kwa 100, lakini mama mwenyewe anaweza kupata homa kali ya mapafu. Na asisahau kuwa bibi mwenye mkanda wa jeshi ndani ya nyumba anabeba kirusi hichohicho.

Kirusi cha saitomegalo kinaishi katika mate na mikojo ya watoto wadogo, na Ulaya ndicho kinachowatia hofu zaidi walezi wajawazito. Kwetu hesabu ni nyengine. Katika nchi nyingi za Afrika karibu kila mtu amekipata utotoni, na kinga hiyo hupunguza hatari, japo haiifuti, kwa kuwa kirusi kinaweza kuamka tena au mtu akapata aina nyengine. Hakina chanjo. Kinga yake ni kunawa baada ya kubadilisha pempasi, kutombusu mtoto mdomoni, na kuacha ule uji uliobakishwa. Parvovirusi B19 nayo huambukizwa kwa mafua na kukohoa, na inaweza kumpunguzia damu mtoto aliye tumboni ikimpata mama kabla ya wiki ya 20. Alama yake inayotajwa vitabuni ni mashavu mekundu, alama ambayo kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuiona.

Mji Mkongwe una hatari yake ya pekee: paka. Wamejaa vichochoroni, na mchanga wa uwanjani wanapochezea watoto ndio choo chao. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kimelea cha toksoplazma. Kumpapasa paka si tatizo kubwa. Tatizo ni mkono uliogusa mchanga kisha ukaenda mdomoni. Maambukizi ya mwanzoni mwa mimba hayamfikii mtoto kwa urahisi, lakini yakimfika humdhuru zaidi kuliko ya miezi ya mwisho. Maji machafu na vinyesi vya watoto huleta kuharisha na homa ya ini aina ya E, ambayo kwa mja mzito ni kali kuliko kwa mtu mwengine yeyote.

Hatari karibu zote hizi zina sifa moja inayovuruga mipango yetu: mtoto anaambukiza kabla hajaonekana mgonjwa. Wa tetekuwanga siku moja au mbili kabla ya vipele, wa rubela hadi wiki moja kabla, na wengi wa rubela hawatoki vipele kabisa. Kumrudisha nyumbani mtoto mwenye vipele ni sawa, lakini mwalimu atakuwa ameshampangusa kamasi siku zote zilizotangulia.

Kubeba na kunyanyua

Hofu ya mzigo ndiyo inayozungumzwa sana, na ndiyo yenye ushahidi mchanganyiko. Tafiti za nchi mbalimbali zilipojumlishwa, zilionesha kuwa kunyanyua kitu cha kilo 11 au zaidi kunaambatana na ongezeko la kiasi la mimba kuharibika, na kwamba jumla ya kilo 100 kwa siku inaambatana na watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Kuambatana si kusababisha. Wanaobeba mizigo mizito mara nyingi pia wana lishe duni na hawapumziki. Ila hesabu ni nyepesi: mtoto wa miaka mitatu ana kilo 12 hadi 14. Mwalimu akinyanyua watoto wanane asubuhi moja, amefika takriban kilo 100 kabla ya adhuhuri.

Mtumishi wa nyumba za Mji Mkongwe ana mzigo zaidi. Ngazi za mbao ni nyembamba na zimesimama wima, maji hayapandi hadi ghorofa ya tatu, na yeye anapanda na mtoto kiunoni na ndoo mkononi. Kwake hatari iliyo wazi kuliko zote ni kuteleza.

Kwa upande mwengine, haki inataka lisemwe hili: kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 15 huharibika, na karibu nusu ya hizo ni kwa sababu ya kasoro za kromosomu zilizokuwapo tangu kutunga. Mwanamke aliyembeba mtoto jana na kuona damu leo asibebeshwe lawama, na yeye asijibebeshe.

Msimamo wa kwanza: mimba si maradhi

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamlinda mwanamke asifanywe mgonjwa wala mzigo. Mimba nyingi za walezi huenda salama. Kazi inampa kipato, na kipato kinamlisha. Mja mzito aliyefukuzwa kazi na kubaki na chai ya rangi hajalindwa na kitu. Udhaifu wake ni kufananisha kazi zisizofanana. Bibi aliyelima mpunga hakuwa ndani ya chumba kimoja na watoto thelathini wa nyumba thelathini. Waliopoteza mimba zao hawakuhesabiwa na mtu, na mtoto aliyezaliwa haoni au hasikii aliambiwa ni kudra. Kudra hatuipingi. Lakini tumeamrishwa pia kufunga ngamia kabla ya kutawakali.

Msimamo wa pili: aondolewe mara moja

Ujerumani, mwalimu wa chekechea anayejitangaza mjamzito hupimwa kinga zake, na akikosa kinga muhimu huzuiwa kukaa na watoto, mara nyingi akiendelea kulipwa akiwa nyumbani. Jimbo la Quebec, Canada, limempa mfanyakazi mjamzito haki ya kuhamishwa au kuondoka kwa tahadhari tangu sheria yake ya usalama kazini ya 1979. Hakuna kinga kubwa kuliko kutokuwapo mahali penye hatari.

Lakini nchi hizo zina mfuko unaobeba gharama badala ya mwajiri. Unguja skuli nyingi za maandalizi za watu binafsi huendeshwa kwa ada ndogo za wazazi. Mwenye skuli akilazimishwa kumlipa mwalimu aliye nyumbani miezi tisa na mwengine aliye darasani, atafanya kile ambacho hakuna sheria itakayokikamata: ataacha kuajiri wasichana waliotoka harusini. Halafu kuna kasoro ya ndani zaidi. Utaratibu huu unaanza kazi siku mwanamke anaposema. Kwetu hasemi.

Kwa nini hasemi

Hiki ndicho kiini cha suala zima. Mimba changa inafichwa Unguja kwa sababu zenye uzito: kuogopa husuda na jicho, kuogopa kutangaza kisha itoke, haya, na kwa mtumishi, kuogopa kurejeshwa kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa asiyeolewa kulikuwa na zaidi. Sheria ya Zanzibar ya 1985 iliiwezesha mahakama kumfunga mwanamke asiyeolewa aliyeshika mimba. Sheria Namba 4 ya 2005 ilikiondoa kifungo na kuweka kazi za jamii, lakini hofu iliyokaa miaka 20 haitoki kwa kifungu kimoja.

Wakati huohuo, mwili haungoji. Kati ya wiki ya tatu na ya nane moyo, macho, masikio na viungo vinaumbika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linataka hudhurio la kwanza la kliniki lifanyike ndani ya wiki 12. Wengi hufika baadaye. Na sheria ya kazi imejengwa kulitazama tumbo linaloonekana. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inatoa likizo ya uzazi ya siku 90, na siku 100 kwa waliozaa pacha au zaidi. Siku 84 zinazotajwa sana ni za Bara, kwenye sheria ya 2004, ambayo pia inamkataza mwajiri kumpa mja mzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2005 inayomwajibisha mwajiri kwa usalama wa wafanyakazi wake wote. Neno "wote" lina faida kubwa hapa kuliko likizo, kwa sababu halimtaki mtu ajitangaze kwanza.

Msimamo wa tatu: abaki, kazi ibadilishwe

Uingereza, kanuni za 1999 zinamtaka mwajiri wa wanawake walio katika umri wa kuzaa apime hatari za kazi, na akishaarifiwa kuwa mfanyakazi ana mimba, azipunguze. Njia hii ni nafuu na inamwacha mwanamke na mshahara wake. Ikihamishiwa hapa kama ilivyo, inafeli kwa mambo mawili. Maji ya bomba ni ya mgao, na "nawa mikono" bila ya maji ni maneno matupu. Na ndani ya nyumba ya mtu hakuna mkaguzi wa kazi anayeingia kuona nani kabeba ndoo.

Isitoshe, tahadhari huweza kugeuzwa kisingizio. Mwajiri anabandika karatasi ukutani, kisha mwalimu akiugua anaulizwa kwa nini hakunawa.

Mizani

Ukiipima misimamo yote mitatu, wa kwanza unashindwa kwa ushahidi na wa pili kwa gharama. Wa tatu ndio unaofaa Unguja, kwa sharti moja: kinga iwekwe kwa kila mwanamke anayelea, aliye na mimba na asiye nayo, ili siri yake isimponze. Ikingoja habari, imechelewa.

Mengi ya hayo hayahitaji wizara. Kibuyu chirizi ni dumu, kamba na kipande cha sabuni, na kila mtoto hupata maji yake mwenyewe. Vipande vya kitambaa vya kufutia kamasi vinavyochemshwa kila jioni vinaipumzisha kanga. Mwalimu akae chini, mtoto apande mwenyewe mapajani. Kunyanyua kuwe kwa dharura. Mchanga wa kuchezea ufunikwe jioni. Uji wa mwalimu uwe na bakuli lake, kwani mwenye kichefuchefu anahitaji kula kidogo kidogo kutwa.

Rubela ni kazi ya Serikali. Mwalimu mpya wa maandalizi aulizwe habari za chanjo yake anapoingia kazini, kabla ya mtu yeyote kufikiria mimba, na asiyechanjwa apewe nafasi hiyo. Tuna mtu mwengine anayefaa ambaye hatujamtumia: somo. Yeye humkalisha bibi harusi na kumfunza mambo ya unyumba kabla ya ndoa. Maneno mawili kutoka kwake juu ya chanjo na kinga yatasikika kuliko bango la hospitali.

Kwa mtumishi wa ndani, mlango ulio wazi ni wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba na kuandikisha wajawazito. Wanapoingia wamuulize mwenye nyumba, na wamuulize pia aliyewafungulia mlango, peke yake, kwa sauti ya chini. Naye mwenye nyumba anaweza kuamua leo kuwa maji ya ghorofani yatapandishwa na kijana, kwa ndoo mbili za asubuhi.

Mwalimu mwenyewe, akiona vipele darasani na siku zake zimechelewa, asingoje tumbo. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo aeleze yote mawili, kwa sababu kuna vipimo vyenye maana vikifanywa mapema. Mkuu wa skuli amwambie kila mwalimu wa kike, mwanzoni mwa muhula, kuwa akitaka kuhama darasa kwa wiki mbili hataulizwa sababu.

Na wewe mwenye skuli unayesoma haya, kesho asubuhi kabla ya watoto kufika, liondoe lile beseni.